MGB ya wazi iliyokarabatiwa: dalili, chanzo na pa kusimamia kabla hujatoa pesa

Ukitafuta gari la wazi la zamani Uingereza, MGB hulikosi. Liliundwa Abingdon, karibu na Oxford, kuanzia 1962 hadi 1980, na zaidi ya magari 500,000 yalitoka pale ukihesabu na yale yenye paa la chuma. Ndiyo maana bei yake bado inafikika na vipuri vinapatikana, hadi bodi nzima mpya. Wenzetu kadhaa wanaoishi huku wameniomba niwasindikize kwenda kuangalia gari lililotangazwa kuwa "limekarabatiwa kila kitu", na malalamiko wanayoniletea baada ya kununua yanafanana sana.

Gari lililotoka kukarabatiwa lina maradhi yake, na si yale ya gari lililochakaa barabarani. Rangi mpya imeziba sehemu za ethi, yaani pale umeme unapogusa chuma cha bodi ili urudi kwenye betri. Kutu ya tangi imetikiswa. Mipira ya breki imekauka wakati gari limelala karakana miaka mitatu likisubiri pesa. Juu ya hayo, mara nyingi hakuna aliyeliendesha kilomita 500 za kwanza ili makosa yajitokeze. Kwa hiyo dalili yoyote utakayoiona, jiulize kwanza ni kitu gani kiliguswa wakati wa ukarabati, halafu ndipo ufikirie uzee.

Kabla hujafungua boneti kuna mambo matatu. Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, na ukifika ushike injini kwa kiganja. Ikiwa ya moto, kuna kitu hakutaka ukione. Angalia namba ya chasisi: kwa sehemu kubwa ya uzalishaji gari la wazi huanzia GHN, na lile la paa la chuma huanzia GHD. Gari la wazi lenye GHD ama lilikatwa paa ama lina karatasi za gari jingine. La tatu ni betri. Magari yaliyotengenezwa hadi 1967 yalifungwa chanya kwenye bodi, kinyume na tulivyozoea, na mengine yamebadilishwa baadaye. Fuata waya unaokwenda kwenye bodi uone umetoka upande gani wa betri. Usiamini rangi ya waya. Ukiunganisha betri kinyume kwenye gari lenye alteneta, unaiunguza papo hapo.

Starta haiitiki, au inajikokota

Anza na betri hata kama muuzaji anaapa ni mpya. Hadi katikati ya miaka ya 1970 MGB lilikuja na betri mbili za volti 6 zilizounganishwa kufanya 12, zikiwa nyuma ya viti chini ya kifuniko. Vituo viwili vya betri vimekuwa vinne, na waya unaounganisha betri hizo mbili ndio hulegea. Pima gari likiwa limetulia: 12.6 ni nzuri, chini ya 12.2 inahitaji chaji. Pima tena wakati starta inazunguka, isishuke chini ya 9.6. Safisha vituo kwa brashi ya waya, vikaze, jaribu tena.

Betri zikiwa sawa, nenda kwenye ethi ya injini. Injini na gia boksi vimekaa juu ya mipira, kwa hiyo umeme wa starta hauna njia ya kurudi kwenye bodi isipokuwa kwa mkanda mmoja wa waya za shaba zilizosukwa. Mpiga rangi huufungua, hupiga rangi, kisha huurudisha juu ya rangi, au huusahau kabisa.

Hili nililiona kwa macho. Rafiki yangu alikuwa ameketi kwenye usukani wa gari jekundu linalong'aa, akazungusha ufunguo, starta ikasogea nusu mzunguko kisha ikakwama. Akarudia. Ikaja harufu ya plastiki inayoungua. Nikainama, nikaona kebo ya choki (ile inayovutwa kwa mkono kuwashia injini baridi) inatoa moshi mwembamba kwenye tundu inapopenya ukuta wa injini, ganda lake la plastiki limeanza kutiririka kama nta. Umeme wote wa starta ulikuwa unarudi kwenye betri kupitia kebo ile nyembamba. Tuling'oa waya wa betri haraka. Mkanda wa ethi ulikuwepo kweli, lakini chini yake palikuwa na tabaka mbili za rangi nyekundu safi kabisa.

Kuthibitisha ni rahisi: chukua waya nene wa kuazima umeme, shika kichwa kimoja kwenye chuma kitupu cha injini na kingine kwenye chuma kitupu cha bodi, kisha washa. Starta ikizunguka kwa nguvu, umepata jibu. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, funga mkanda, paka girisi juu kuzuia kutu. Hapo tu ndipo ushuku solenoidi (swichi nzito ya starta) au starta yenyewe.

Starta inazunguka vizuri lakini injini haishiki

Tega sikio. Ukifungua ufunguo bila kuwasha, pampu ya mafuta ya SU iliyoko nyuma inatakiwa kugonga tik-tik-tik, kisha inyamaze kabureta zikijaa. Kimya tangu mwanzo maana yake haipati umeme au platini zake za ndani (vidude vinavyogusana kupitisha umeme) zimeganda kwa kukaa bila kazi. Igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikianza, itakufikisha nyumbani lakini ibadilishwe. Isipoanza, pima umeme kwenye waya mweupe unaoingia pampuni, halafu ethi yake, ambayo nayo imefungwa kwenye bodi iliyopigwa rangi. Ikigonga mfululizo bila kunyamaza, tangi ni tupu, kuna bomba linalovuta hewa, au petroli inavuja mahali. Kwanza tafuta inapovuja, usiendelee kuwasha.

Pampu ikiwa sawa, angalia moto wa plagi. Kinachoharibika zaidi ni pengo la platini kwenye distributa: liwe takriban 0.38 mm. Halafu kondensa, halafu rota. Kondensa na rota mpya za bei rahisi hufa upesi kuliko za zamani, kwa hiyo ukikuta za zamani kwenye boksi la vipuri la muuzaji, zichukue. Mpangilio wa waya za plagi ni 1-3-4-2. Waya mbili zikibadilishana injini itakohoa na kupiga risasi kwenye kabureta. Koili iangaliwe mwisho. Magari ya miaka ya mwisho yana waya maalumu unaopunguza umeme wa koili, na mtu akiweka koili ya aina isiyolingana, platini zinaungua kila baada ya wiki chache.

Linatembea dakika 15, linazima, likipumzika linawaka tena

Hili ndilo lalamiko nililolisikia mara nyingi kuliko yote, na muuzaji husema "ni petroli ya siku hizi". Chanzo cha kawaida ni uchafu wa tangi. Tangi lililokaa nusu tupu miaka mingi hushika kutu juu, na gari likianza kutikisika kutu ile inabanduka. Vipande vinavutwa hadi kwenye mdomo wa bomba, vinaziba, gari linazima; mvuto ukiisha vinaanguka chini na gari linawaka kama hakuna kilichotokea.

Pima hivi: gari likizima, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na gari likawaka mara moja, tatizo ni upumuaji wa tangi, pengine kifuniko kipya kisicho na tundu. Usiposikia kitu, chomoa bomba la petroli linaloingia kwenye kabureta, liweke kwenye chupa, mtu afungue ufunguo kwa sekunde chache. Petroli iruke kwa nguvu. Ikitiririka kwa unyonge, au ikija na chembe za hudhurungi, tangi lishushwe. Tangi jipya si ghali, na mimi sishauri kulipaka dawa lile la zamani. Fanya kazi hiyo nje, injini ikiwa baridi, betri imeng'olewa baada ya kipimo, bila sigara wala taa ya balbu ya kioo karibu.

Petroli ikiwa nzuri, ni umeme: kondensa inayolegea kwa joto, kisha koili.

Linachemsha

Angalia maji injini ikiwa baridi. Kamwe usifungue kifuniko cha rejeta cha moto. Maji yaliyobanwa yanaruka na kuunguza uso. Mkanda wa feni uubonyeze katikati ya sehemu ndefu: uingie kama milimita 13. Kifuniko cha rejeta kiwe cha kipimo cha gari lako. Themostati, mlango mdogo unaoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto, kwa kawaida ni ya nyuzi 82. Ikifunguka kwa kuchelewa, sindano inapanda halafu inashuka ghafla.

Kama linachemsha kwenye foleni tu, ni feni au mkondo wa hewa mbele ya rejeta. Kama linachemsha kwenye barabara ndefu, rejeta au njia za maji ndani ya bloku zimejaa matope ya kutu. Hapa ndipo ukarabati wa nje unajulikana: bloku imepakwa rangi ya kupendeza, ndani haikusafishwa. Ondoa plagi ya kumwagia maji iliyo ubavuni mwa bloku. Maji yasipotoka hata tone, ni matope yamejaa hapo. Kabla hujalaumu rejeta, hakikisha pia taimingi, yaani wakati plagi inapopiga moto, haijachelewa.

Simama hapa na umwite fundi ukiona mapovu yakipanda kwenye rejeta mara tu injini inapowaka, oili yenye rangi ya chai ya maziwa, au moshi mweupe mzito usioisha injini ikipata moto. Hiyo ni gasketi ya hedi, na kuendelea kuendesha kunapinda hedi yenyewe.

Presha ya oili iko chini, au moshi wa buluu

Injini ya 1798 cc ni ngumu na mvumilivu. Ikiwa ya moto, kwenye mwendo, presha iwe 50 hadi 80 psi. Ikiunguruma taratibu, 10 hadi 25. Chini ya hapo, anza na oili yenyewe: wengine huweka nyepesi ya magari ya kisasa wakati injini hii inataka 20W-50. Kisha pima kwa geji nyingine, maana ya kwenye dashibodi ina umri wa gari. Presha ikiwa chini kweli na chini ya injini kunasikika mlio mzito wa kugonga ukikanyaga mafuta, zima. Hizo ni beringi za krenki, na kila kilomita unayoongeza inaila krenki.

Moshi wa buluu ukiachia mafuta kwenye mteremko ni mihuri na miongozo ya valvu. Ukitoka muda wote ukikanyaga, ni ringi za pistoni. Moshi kidogo kwenye injini iliyojengwa upya na haijaenda mbali unaweza kupungua, lakini bei unayotoa izingatie kwamba hautapungua.

Uliza pia kama hedi ina viti vya valvu vilivyokazwa. Petroli yenye risasi iliacha kuuzwa kwa kawaida Uingereza mwanzoni mwa 2000, na viti vya zamani hulika bila hiyo. Dalili yake haionekani kwa kuendesha mara moja: pengo la valvu, linalotakiwa kuwa 0.38 mm injini ikiwa baridi, linajibana lenyewe kila ukipima.

Breki: pedali inazama, gari linavuta upande

Hapa sina uvumilivu. Pedali inayozama polepole ukiishikilia, au inayohitaji kukanyagwa mara mbili, gari lisitoke uwanjani. Magari mengi ya Uingereza ya miaka ya mwanzo yana mfumo mmoja tu wa breki kwa magurudumu yote manne. Silinda kuu ikishindwa, hakuna akiba isipokuwa breki ya mkono.

Kinachosababisha zaidi ni mipira ya silinda kuu iliyokauka gari likiwa limelala. Halafu silinda za nyuma kwenye dramu: vua gurudumu, funua, utaona unyevu. Gari linalovuta upande mmoja hasa ukiachia breki huwa lina bomba la mpira lililovimba ndani. Nje linaonekana zima, lakini linapeleka mafuta kwenye kalipa bila kuyarudisha. Gurudumu hilo litakuwa na joto kuliko mwenzake baada ya mwendo mfupi. Badilisha mabomba yote pamoja, usibadilishe moja. Usichanganye mafuta ya DOT 4 na ya silikoni ya DOT 5, na kama huna uhakika mmiliki wa zamani aliweka gani, mfumo mzima umwagwe na usafishwe. Kazi ya breki ambayo hujawahi kuifanya mpe fundi.

Klachi na gia

Gia zikigoma kuingia, angalia kikombe cha mafuta ya klachi na silinda ndogo iliyoko chini kwenye kasha la gia boksi. Vua kizuia vumbi chake, kikiwa kimelowa umemaliza uchunguzi. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Lakini klachi ikitoa sauti ya kusaga ukikanyaga, ni beringi yake, iliyotengenezwa kwa kaboni na inayolika dereva akiwa na tabia ya kuegesha mguu kwenye pedali. Kuibadilisha ni lazima injini itoke. Kumbuka hilo unapojadili bei.

Gia ya kwanza ikilalamika gari likiwa linatembea kwenye MGB la kabla ya 1967, si kosa. Iliundwa bila sinkro, kifaa kinacholinganisha kasi ya gia kabla hazijashikana, kwa hiyo simama kwanza. Ovadraivu (gia ya ziada ya mwendo kasi inayowashwa kwa swichi) isipoingia, angalia fyuzi, swichi na kiwango cha oili ya gia boksi kabla ya kusikiliza mtu anayetaka kuifumua.

Mlio wa kugonga kutoka nyuma, usukani mzito

Kwenye rimu za spoki, mlio mmoja wa kugonga unapoanza kuondoka na mwingine unaposhika breki ni meno yaliyolika ya habu, kitovu ambacho rimu huvikwa juu yake. Nyanyua gurudumu, mtu ashike breki, wewe lizungushe mbele na nyuma kwa mikono. Likicheza, vua rimu uyaangalie meno: yawe bapa juu, yakiwa yamechongoka kama ya msumeno, habu na rimu vyote viende. Gurudumu lenye meno hayo linaweza kuteleza kabisa, usiliendeshe. Usukani mzito kwa kawaida ni kingipini, pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia, zisizopigwa girisi. Zipige gari likiwa limenyanyuliwa, magurudumu yakining'inia, vinginevyo girisi haifiki inapobeba uzito.

Harufu ya petroli

Zima, ng'oa betri, tafuta kabla ya kitu kingine chochote. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida Uingereza ina hadi asilimia 10 ya ethanoli, na mabomba ya mpira ya zamani hulainika na kupasuka kwayo. Muulize muuzaji yamebadilishwa lini. Baada ya hapo weka petroli ya daraja la juu, ambayo ethanoli yake ni kidogo.

Zulia limelowa miguuni

Kabla ya kulaumu turubai, angalia mfereji wa maji ulio chini ya matundu ya hewa mbele ya kioo. Majani huuziba, na maji yanaingia kupitia hita. Likikaa hivyo muda mrefu, ubao wa sakafu umeoza chini ya zulia jipya. Linyanyue zulia. Muuzaji akikataa, ondoka.

Milango haifungi vizuri, nafasi zake hazilingani

Nimeiacha hii mwisho kwa sababu ndiyo ghali kuliko zote na ndiyo ambayo rangi inaificha vizuri. MGB halina chasisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo inayobeba, na kwa kuwa gari la wazi halina paa, nguvu yake yote ya katikati iko kwenye kingo zilizo chini ya milango. Kingo hizo si bati moja. Ni mabati kadhaa yaliyochomelewa pamoja: la nje, la katikati, la ndani na reli ya chini. Maji huingia kati yake na kuoza kutoka ndani.

Kwanza nyanyua mlango ukiwa wazi kwa kushika mwisho wake. Ukicheza kwenye bawaba, nafasi mbaya inaweza kuwa ni bawaba tu, na hilo ni jambo dogo. Usipocheza, tazama pengo la nyuma ya mlango kutoka juu hadi chini. Liwe sawa. Likiwa limebana juu na kupanuka chini, gari limelala katikati.

Kisha tumia sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chembamba, ipitishe kwenye kingo na chini ya matao ya magurudumu. Inapoachia, kuna puti, ile lipu inayojaza mashimo chini ya rangi. Boneti usiipime hivyo kwenye magari ya mwanzoni, maana ilikuwa ya aluminiamu na sumaku haishiki hata ikiwa safi.

Piga magoti uangalie chini. Kingo sahihi hupita nyuma ya matao ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo fundi aliyeibadilisha kwa haki alilazimika kukata sehemu ya chini ya matao hayo na kuirudisha. Fundi wa haraka huvika bati jipya juu ya lile lililooza. Omba picha za kila hatua ya uchomeleaji. Mtu aliyefanya kazi ile kwa uaminifu anazo, na atakuonyesha kwa fahari. Na usitegemee kwamba serikali imelikagua: tangu Mei 2018 magari mengi yaliyozidi miaka 40 hayalazimiki kufanyiwa ukaguzi wa kila mwaka wa MOT, kwa hiyo gari linaweza kufumuliwa na kuunganishwa upya bila jicho la mkaguzi kulipitia. Mwombe muuzaji alipeleke kwa hiari yake, ulipie wewe. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na bodi mpya.

Kipimo cha mwisho: funga mlango, weka kidole kwenye pengo la nyuma, mtu anyanyue gari kwa jeki kwenye sehemu yake ya kunyanyulia upande huo, polepole. Usiingie chini yake. Pengo lisipobadilika, kingo ni imara. Likianza kukubana kidole, au mlango ukikataa kufunguka gari likiwa juu, shusha jeki, mshukuru mwenye gari, na usijadili bei.